Mita Hamsini za Itebero: Wakulima, Mito na Sheria Moja ya Taifa

Sheria za kulinda maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi ya chemchemi, mito, maziwa na vinamasi, hutungwa katika miji mikuu, lakini kufaulu au kushindwa kwake huonekana kwenye kingo za vijito ambako watu huteka maji, hulima, huloweka mihogo na hufuga samaki. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 na majimbo 26, kutunga kanuni moja inayofaa kila ukingo ni kazi ngumu, kwa sababu mto wa mbuga za Katanga, mto unaoteremka kwenye miinuko ya Masisi na kijito kinachopita chini ya msitu wa Walikale havifanani kwa mwendo, kwa udongo wala kwa matumizi. Hapo ndipo linapozuka swali la unyumbufu wa kimaeneo, maana yake nafasi ambayo sheria ya taifa huliachia jimbo, sekta au kijiji ili liamue njia ya kufikia lengo ambalo taifa zima limelikubali.

Itebero ni mahali pafaapo kulipima swali hilo. Ni mji mdogo wa Teritwari ya Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu kuelekea Kisangani, katikati ya msitu wa mvua ambamo vijito ni vingi kuliko barabara. Wakulima wake huishi kwa mihogo, ndizi, mpunga, karanga na mawese, na karibu kila moja ya kazi hizo huhitaji ukaribu wa maji. Kanuni yoyote inayogusa ukingo wa mto, kwa hiyo, hugusa chakula cha nyumbani kabla haijagusa kitu kingine.

Maji ya juu na maji ya chini

Teritwari za Masisi na Walikale zimepakana, lakini ni kama nchi mbili kwa sura ya ardhi. Masisi, yenye takriban kilomita za mraba 4,700, ni nchi ya milima mirefu, baridi na mashamba ya miteremko, ambamo sehemu kubwa ya msitu ilikwisha kukatwa zamani kwa ajili ya mashamba makubwa ya wakoloni na baadaye malisho ya ng'ombe, huku wakulima wadogo wakibanwa kwenye vipande vya ardhi vya maharage, mahindi na viazi. Walikale, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, lakini watu wake ni wachache kwa kulinganisha, na sehemu kubwa bado ni msitu, ikiwemo sehemu ya nyanda za chini ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliyoongezwa mwaka 1975.

Kinachoziunganisha teritwari hizi mbili ni maji. Mito inayozaliwa kwenye miinuko ya Masisi huteremka upande wa magharibi, huingia Walikale kupitia Oso na Lowa, na Lowa nao humwaga maji yake katika Lualaba, ambao ndio mto Kongo wenyewe katika sehemu yake ya juu. Eneo la Itebero limo katika bonde hilo hilo la Lowa. Bonde, kwa maana ya wataalamu wa maji, ni eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika katika mto mmoja, na ndani ya bonde tendo la mtu wa juu hufika kwa mtu wa chini: udongo unaomomonyoka kwenye malisho ya mlimani huwa tope katika maji ya bondeni, na mkulima wa chini hupokea matokeo ya uamuzi ambao hakuulizwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 huipa dola mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, maji na misitu, na katika kifungu cha 48 huhakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Katiba hiyo hiyo huhesabu ulinzi wa mazingira na utaratibu wa maji na misitu miongoni mwa mambo ambayo serikali kuu na majimbo hushirikiana. Juu ya msingi huo zimejengwa sheria kadhaa: Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, Sheria ya Misingi ya Ulinzi wa Mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, na Sheria ya Maji ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo huyahesabu maji kuwa mali ya umma na huyaweka matumizi makubwa chini ya ruhusa ya serikali.

Kanuni inayomgusa mkulima wa Itebero moja kwa moja imo katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Misitu. Kifungu hicho hukataza kukata msitu katika umbali wa mita 50 kila upande wa mto au kijito, na katika mzunguko wa mita 100 kutoka kwenye chemchemi. Sababu yake ni ya kweli na inaeleweka: mizizi ya miti hushika udongo wa ukingo, majani yaliyoanguka huchuja maji ya mvua kabla hayajaingia mtoni, na kivuli huyafanya maji yawe baridi kiasi cha kuwafaa samaki. Ukanda wa namna hiyo huitwa ukanda wa ulinzi, na wataalamu wa nchi nyingi hukubaliana kwamba ni miongoni mwa njia rahisi na za uhakika za kuutunza mto.

Hesabu ya mita hamsini

Ugumu huanza pale kanuni inapopimwa shambani. Mita 50 kila upande ni ukanda wenye upana wa mita 100, kwa hiyo kila kilomita moja ya kijito hufunga hekta 10 za ardhi. Chemchemi moja, kwa duara lake la mita 100 kila upande, hufunga zaidi ya hekta 3. Shamba la hekta moja lenye umbo la mraba lina mita 100 kila upande. Kijito kikipita katikati yake, shamba zima limo ndani ya ukanda uliokatazwa, hata kama kijito hicho huvukwa kwa hatua moja. Katika nchi kavu, ambako mto ni mmoja na mashamba yako mbali nao, hesabu hiyo hupokonya kidogo. Katika msitu wenye vijito vingi kama wa Itebero, familia inaweza kukosa kabisa mahali halali pa kulima katika ardhi ya ukoo wake.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi. Kifungu hicho hukataza kukata msitu, kwa hiyo humbana yule ambaye bado ana msitu. Mwenye malisho ya Masisi, ambaye miti ya ukingoni kwake ilikatwa miongo mingi iliyopita, hana cha kukata tena, na kanuni hiyo peke yake haimlazimishi kupanda mti wala kuwazuia ng'ombe wasiukanyage ukingo. Mkulima wa Itebero, ambaye mababu zake waliuacha msitu ukisimama kwa kulima kipande kidogo, kukilaza na kuhamia kingine, ndiye anayekutana na katazo kamili. Kanuni ambayo katika maandishi ni sawa kwa wote, katika bonde la Lowa humlemea zaidi aliyeharibu kidogo zaidi.

Hoja za mkulima

Kutokana na hali hiyo, madai ya wakulima kuhusu sheria za maji yanaeleweka vizuri yakitenganishwa katika hoja tatu. Ya kwanza ni hoja ya kipimo. Mkulima hapingi kwamba chemchemi ya kijiji ilindwe, kwa kuwa yeye na watoto wake ndio wanaoinywa; anachokataa ni kipimo kimoja kwa mto mkubwa kama Lowa na kwa mfereji wa asili unaokauka baada ya wiki mbili bila mvua. Baadhi ya kazi zake haziwezi kufanywa mbali na maji hata kidogo: mpunga wa bondeni hupandwa penye unyevu, bwawa la samaki huchimbwa mahali ambapo maji huingia na kutoka, na mihogo michungu lazima ilowekwe siku kadhaa ili sumu yake itoke kabla ya kuliwa.

Hoja ya pili ni ya usawa wa mzigo. Walikale inajulikana duniani kwa kasiterite, madini yanayotoa bati, hasa ya Bisie, na pia kwa dhahabu. Uchimbaji wa dhahabu mtoni hupindua mchanga na changarawe za chini ya maji, huyageuza maji kuwa tope kwa umbali mrefu, na mahali ambapo zebaki hutumika kunasa chembe za dhahabu, huacha sumu inayoingia katika samaki na kudumu humo. Mkulima akiambiwa aache mita 50 za ukingo wakati mto wenyewe unachimbwa mbele ya macho yake, haoni katika katazo hilo ulinzi wa maji. Huona ubaguzi kati ya mwenye jembe na mwenye mtaji.

Hoja ya tatu ni ya mamlaka: nani huamua? Katika vijiji vingi vya mashariki mwa Kongo matumizi ya mto hupangwa kwa desturi, kwa kutenga mahali pa kuteka maji ya kunywa upande wa juu, na chini yake mahali pa kuoga, kufua na kuloweka mihogo. Wenye vijiji hujua kijito kipi hakikauki, chemchemi ipi ni ya wote na sehemu ipi ya mto samaki huzalia. Ujuzi huo haumo katika kifungu chochote cha sheria ya Kinshasa, na mkulima huona kwamba kanuni ingekuwa na nguvu zaidi kama ingeanzia hapo, kisha ikajaza yale ambayo desturi haikuyajua, kama vile zebaki, dawa za kuulia wadudu na mashine za kunyonya mchanga wa mtoni.

Hofu ya unyumbufu

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kila mkulima ana sababu ya kuupenda unyumbufu. Kanuni moja ya taifa ina faida ambayo mnyonge huithamini: imeandikwa, inajulikana, na mtu anaweza kuitaja mbele ya ofisa. Kanuni inayoamuliwa mahali kwa mahali inaweza kugeuka kuwa kanuni inayouzwa, ambapo mwenye fedha hupata kibali na asiye nazo hupata faini. Katika eneo ambalo wakulima wamezoea vizuizi vya barabarani na tozo zisizo na stakabadhi, hofu hiyo ina msingi.

Hofu nyingine inahusu ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola na kuahidi kwamba haki za wale wanaoishi katika ardhi ya desturi zingepangwa kwa amri ya Rais. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Mkulima asiye na hati anajua kwamba ukanda wa mto ukitangazwa kuwa hautumiki, kesho unaweza kuonekana kuwa ardhi tupu na kupewa mtu mwingine. Ndiyo maana swali la maji katika Masisi na Walikale halitenganishwi na swali la ardhi, ambalo limechangia migogoro ya eneo hilo tangu miaka ya 1990.

Vita navyo vimedhoofisha taasisi ambazo zingeusimamia unyumbufu huo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini imewekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa dharura ambao uliwakabidhi maofisa wa jeshi na polisi madaraka ya kiraia na kuisimamisha kazi ya Bunge la jimbo, chombo ambacho kwa kawaida ndicho kingetunga kanuni za jimbo. Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuingia mji wa Walikale na kuuacha mwanzoni mwa Aprili. Familia zinazokimbia hulima popote zinapopata usalama, mara nyingi karibu na barabara na karibu na maji, na hakuna sheria ya kingo inayoweza kuwahukumu kwa haki watu ambao wamenyang'anywa uchaguzi.

Mafunzo kutoka kwa wengine

Majirani wa Kongo wamelijibu swali hili kwa njia tofauti. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa, iliitenga mito mikubwa iliyotajwa kwa majina na kuipa ukanda wa mita 100, na mito mingine ikapewa mita 30. Huo ni unyumbufu wa aina ya kwanza: sheria yenyewe hutambua kwamba mto na kijito si kitu kimoja.

Tanzania iliweka kipimo kimoja cha mita 60 katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini iliyagawa maji ya nchi katika mabonde tisa, kila bonde likiwa na bodi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikazipa nafasi jumuiya za watumia maji, ambazo huwakutanisha wakulima, wafugaji na wengine wa mto mmoja ili wagawane maji na kutatua ugomvi. Tanzania hiyo hiyo inatoa pia onyo. Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika Ihefu na bonde la Usangu ili kuuokoa mto Ruaha Mkuu, na kwa hiyo mzigo wa kuulinda mto wa taifa ukawaangukia zaidi watu wa eneo moja, ilhali maji yake yalitumiwa na mashamba makubwa ya umwagiliaji na mabwawa ya umeme pia.

Mbali na Afrika, New Zealand ilianza mwaka 2020 kutekeleza kanuni mpya za maji baridi ambazo zilijumuisha kikomo cha kilo 190 za naitrojeni ya mbolea ya viwandani kwa hekta kwa mwaka. Kanuni hizo ziliwataka wafugaji waliolishia mashambani wakati wa baridi wapande upya mimea humo kufikia tarehe 1 Oktoba, lakini zikaiongezea mikoa ya Otago na Southland, yenye baridi kali zaidi, mwezi mmoja. Nyongeza hiyo haikutosha kuwaridhisha wakulima: Julai 2021 waliandamana na matrekta mijini wakisema kwamba tarehe na vipimo vya makao makuu havijui mvua wala miteremko ya mashamba yao, na baadaye tarehe hizo ziliondolewa.

Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 1991, uliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, kisha ukaziruhusu nchi chache, kama Ireland na Uholanzi, kuzidisha kiasi hicho kwa masharti ya kupima maji; ruhusa ya Uholanzi ilianza kuondolewa hatua kwa hatua kwa kuwa maji yake hayakuwa safi ya kutosha. Fundisho la Ulaya ni la maana kwa Kongo: ruhusa ya kutofautiana haikutolewa bure wala milele, bali ilifungwa kwenye hali ya maji yenyewe, ili anayeomba nafasi zaidi awe na wajibu wa kuthibitisha kwamba mto haudhuriki.

Mlango uliokwisha kufunguliwa

Kongo haihitaji kusubiri sheria mpya kabisa ili kuanza. Amri ya serikali namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 huiruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake wa desturi, hadi hekta 50,000, ili iusimamie kwa muda usio na kikomo, na Walikale ni miongoni mwa teritwari ambako jamii zimeitumia njia hiyo. Jamii inayopewa msitu hutakiwa kuandaa mpango rahisi wa usimamizi, yaani hati inayoonyesha sehemu za kulima, za kuwinda, za kuvuna na za kuhifadhi. Katika hati hiyo kijiji kinaweza kuchora ukanda wa kila kijito, kutaja chemchemi zisizoguswa, kutenga mahali pa kuloweka mihogo na kupanga mabwawa ya samaki, na mamlaka ya serikali yakaipitia na kuikubali.

Ili mpango wa namna hiyo uwe ulinzi wa kweli wa maji, mambo matatu yanapaswa kubaki imara kwa taifa zima. Kwanza, chemchemi ya maji ya kunywa ilindwe kwa kipimo ambacho hakuna eneo linaloweza kukipunguza, kwa sababu kipindupindu na kuhara havibadiliki kwa kufuata mipaka ya sekta. Pili, anayechimba mtoni afungwe na kanuni ile ile inayomfunga anayelima ukingoni, tena kwa ukali zaidi kulingana na madhara anayoyaleta. Tatu, wa juu na wa chini wakae meza moja: makubaliano ya Itebero juu ya vijito vyake hayatausafisha Lowa ikiwa malisho na mashamba ya miteremko ya Masisi yataendelea kumwaga udongo bila wajibu wa kupanda miti upya ukingoni.

Ndani ya mipaka hiyo mitatu, upana wa ukanda, aina ya mti wa kupandwa, majira ya kulima bondeni na adhabu ya kwanza kwa anayekiuka ni mambo yanayoweza kuamuliwa na sekta za Bakano na Wanianga za Walikale, pamoja na masultani na sekta za Masisi, kwa kushauriana na wakulima, wanawake wanaoteka maji wakiwemo. Maamuzi hayo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, yabandikwe mahali pa wazi, na yapitiwe upya baada ya muda kwa kuangalia hali ya maji, ili pasiwe na ofisa anayeweza kuyabadilisha njiani.

Mita 50 za Sheria ya Misitu zilikusudiwa kuulinda mto, na kusudi hilo linastahili kutetewa na kila raia wa Kongo. Lakini sheria inayomwacha mwenye malisho, isiyomfikia mchimbaji na kumnyima mkulima mdogo mahali pa kupanda mihogo haitaheshimiwa, na mto hautalindwa na sheria isiyoheshimiwa. Wabunge wa Kinshasa na viongozi wa Kivu ya Kaskazini wana wajibu wa kuliweka lengo wazi na kuwaachia watu wa bonde la Lowa njia ya kulifikia. Wakulima wa Itebero, kwa upande wao, wana wajibu wa kuudai uhuru huo pamoja na kipimo cha maji kitakachowahukumu.